Mitindo 7 ya upanga wa mwanga, na mzee aliyekuwa ndani ya Darth Vader



Leo tuongee kuhusu ule upanga wa mwanga wa kwenye Star Wars. Najua wapo watakaosema "ah, mambo ya watoto hayo, jamaa wanazungusha tyubulaiti tu". Sawa. Lakini hebu nijibuni swali moja. Ukiangalia picha ya kwanza ya mwaka 1977, Darth Vader anapigana taratibu kama mtu anayechota maji kisimani. Ukiangalia ya pili, The Empire Strikes Back ya mwaka 1980, Vader huyohuyo, vazi lilelile, sauti ileile, anapigana mpaka unakaa vizuri kwenye kiti. Mtu anafundishika vipi haraka namna hiyo?

Jibu ni kwamba hakufundishika. Alibadilishwa mtu.

Na hapo ndipo utamu wa mada yetu ulipo. Sanaa hii ya kupigana ni ya kubuni, hakuna anayekataa. Jedi hawapo, Sith hawapo, na upanga wa mwanga haupo dukani. Lakini kila pigo unaloliona lilipigwa na mwili wa mtu wa kweli, anayetoka jasho, aliyejifunza upanga wa kweli miaka na miaka. Ukishamjua huyo mtu, hata mitindo yenyewe ya kubuni inaanza kueleweka.

UPANGA WENYEWE UMETOKA WAPI

Kwa wale wageni: Star Wars ni hadithi ya George Lucas, Mmarekani. Ndani yake kuna Jedi, walinzi wa amani wanaotumia kitu kinachoitwa Nguvu, na kuna Sith, maadui zao, ambao nao wana Nguvu hiyohiyo ila wanaitumia kwa hasira na uchu wa madaraka. Silaha yao ni moja, mpini unaotoa mwale wa mwanga unaokata karibu kila kitu.

Lucas alikuwa mpenzi wa picha za Kijapani, hasa za Akira Kurosawa, na picha ya The Hidden Fortress ya mwaka 1958 ilimpa mawazo mengi. Angalia kofia ya Vader halafu angalia kofia ya samurai. Angalia wanavyoshika mpini kwa mikono miwili. Utaona undugu wenyewe bila kuambiwa.

Mpini wa Luke Skywalker haukutoka kiwandani kwa maajabu. Roger Christian, aliyekuwa akipamba seti, aliokota mishikio ya fleshi za kamera za zamani aina ya Graflex kwenye duka la vifaa vya picha huko London, akaongeza vikorokoro kidogo, basi, silaha ikazaliwa. Ile sauti ya "vuuum" ilitengenezwa na Ben Burtt. Alichanganya mngurumo wa mota ya projekta na kelele ambayo maikrofoni ilinasa karibu na televisheni, halafu akaicheza kwenye spika na kupitisha maikrofoni nyingine mbele yake huku na huku, ndipo ikasikika kama upanga unaokata hewa. Yaani vifaa vya kawaida kabisa, akili ndo ilikuwa kubwa.

Na ule mwanga? Waigizaji walishika fito tu. Kwenye picha ya kwanza fito zilifunikwa kwa kitu kinachorudisha mwanga, zikawa zinazungushwa na mota iliyo ndani ya mpini. Zilikuwa dhaifu, ukigonga kwa nguvu zinavunjika. Mng'ao wenyewe uliongezwa baadaye na wachoraji, fremu moja baada ya nyingine, na sekunde moja ya sinema ina fremu 24. Hesabu mwenyewe pambano la dakika tatu.

Kwa hiyo ule upole wa mwaka 1977 una sababu zake. Obi-Wan alikuwa Alec Guinness, mzaliwa wa 1914, mtu mzima tayari. Ndani ya vazi la Vader alikuwemo David Prowse, Mwingereza mnyanyua vyuma, jitu la karibu mita mbili. Mwili alikuwa nao, ila upanga haukuwa fani yake. Fito nazo ndo hizo za kuvunjika. Ungefanya nini?

MZEE BOB

Sasa njooni kwa huyu mtu. Anaitwa Bob Anderson, Mwingereza, alizaliwa mwaka 1922. Alikuwa askari wa majini, na mwaka 1952 aliiwakilisha Uingereza kwenye Olimpiki za Helsinki katika ule mchezo wa panga ambao wachezaji wanavaa nyavu usoni. Baadaye akawa kocha, na huku Hollywood inamwita afundishe mastaa. Alifanya kazi na Errol Flynn, steringi aliyetamba kwa picha za panga zama hizo.

Ilipofika The Empire Strikes Back, Luke alitakiwa apigane na baba yake kwelikweli, na safari hii watu wakiamini. Anderson akavaa lile vazi zito jeusi na ile barakoa isiyokuruhusu kuona vizuri, akapigana yeye. Alikuwa ameshapita miaka 55! Akarudia tena kwenye Return of the Jedi ya mwaka 1983, akielekea 60. Alikuwa mfupi kuliko Prowse, ila ukiwa unaangalia huwezi kushtuka, macho yako yako kwenye upanga.

Watazamaji wengi hawakujua. Mwili wa Vader ulijulikana kuwa ni wa Prowse, sauti ya James Earl Jones, habari imekwisha. Mwaka 1983 ndipo Mark Hamill, yaani Luke mwenyewe, alipoliambia jarida la Starlog kwamba mapigano yale ni ya Bob Anderson, na kwamba si haki jamaa afanye kazi kubwa kiasi hicho halafu asitambuliwe. Kumbuka Hamill ndiye aliyekuwa anapokea yale mapigo usoni kwake. Alijua anayempiga ni nani.

Anderson aliendelea na kazi mpaka uzeeni. The Princess Bride, The Mask of Zorro, The Lord of the Rings, kote humo mkono wake upo. Alifariki tarehe 1 Januari 2012.

MITINDO 7

Haya, turudi kwenye sanaa yenyewe. Watu wengi wanadhani mitindo iliandikwa kwanza halafu waigizaji wakaifuata. Ni kinyume. Mapigano yalikuja kwanza. Mwaka 2002 ndipo jarida la Star Wars Insider lilipotoa makala iliyopanga upiganaji wa Jedi katika mitindo saba, halafu majina na maelezo yakazidi kuenea kupitia vitabu na magemu, kwa mfano Knights of the Old Republic II ya mwaka 2004. Alec Guinness alifariki mwaka 2000, kwa hiyo alipigana bila hata kujua mtindo wake una jina!

Nitaeleza kila mmoja kwa kifupi, na wapi pa kuuangalia.

1. Shii-Cho. Huu ndio msingi. Hadithi inasema ulizaliwa pale Jedi walipotoka kwenye panga za chuma kwenda za mwanga. Mapigo mapana, hatua rahisi. Kila mtoto wa Jedi anaanza hapa. Ni kama a-e-i-o-u, mkubwa anaidharau lakini bila hiyo husomi gazeti.

2. Makashi. Upanga kwa upanga, ana kwa ana. Mkono mmoja, miguu myepesi, pigo dogo lenye shabaha. Ni mtindo wa Count Dooku, na hata mpini wake umepinda ili mkono ukae vizuri. Udhaifu wake ni kwamba hauna mabavu. Akija mtu anayepiga kama anapasua kuni, mkono mmoja unachoka. Angalia kilichompata Dooku mbele ya Anakin kwenye Revenge of the Sith, 2005.

3. Soresu. Ulinzi mtupu. Upanga unakaa karibu na mwili, unazuia, unazuia, unazuia tena, mpaka mwenzako akosee. Ulianza kama kinga dhidi ya bunduki. Ni mtindo wa Obi-Wan baada ya mwalimu wake kufa. Mtu asiyejua atakwambia ni woga. Ngoja tutamrudia huyu.

4. Ataru. Huu ndo wa sarakasi. Kuruka, kuzunguka, kushambulia pande zote. Yoda na Qui-Gon. Unapendeza sana machoni ila unakula pumzi, na ukibanwa sehemu finyu umekwisha. Kwenye The Phantom Menace ya mwaka 1999 Qui-Gon anapiga magoti kupumzika wakati milango ya miale imemtenganisha na Darth Maul. Milango inafunguka, wanapigana kwenye ukingo mwembamba wa shimo, na anakufa palepale.

5. Shien na Djem So. Ndugu wawili kwenye mtindo mmoja. Shien unarudisha risasi za mwanga kwa aliyezipiga. Djem So unazuia pigo halafu hapohapo unarudisha zito zaidi. Anakin, na baadaye Vader. Ni mtindo wa mtu anayetaka kutawala, anakusukuma nyuma hatua kwa hatua mpaka ukuta unakugusa mgongoni.

6. Niman. Kidogo cha kila kitu, ukichanganya na Nguvu. Ulipendwa na Jedi wenye kazi nyingine, wasuluhishi na wasomi, wasio na muda wa kushinda uwanjani. Hadithi inasema waliokuwa wakiutegemea walikwisha kwenye vita ya Geonosis, ile ya uwanja mkubwa kwenye Attack of the Clones, 2002. Ukijua yote nusunusu, siku ya mtihani mgumu unaumbuka.

7. Juyo na Vaapad. Mkali kuliko yote. Juyo ni hasira iliyoachiwa. Vaapad ni ya Mace Windu, na ililetwa na kitabu cha Shatterpoint cha mwaka 2003. Mpiganaji anaichukua hasira yake na ya adui, anaigeuza kuwa silaha, bila kuiruhusu imtawale. Ni kutembea ukingoni mwa shimo kila siku. Na ule mwanga wa zambarau wa Windu? Samuel L. Jackson aliuomba mwenyewe, ili ajione kwenye vurugu ya mapanga mengi.

Angalizo kwa wabishi wa vijiweni: mwaka 2014 Lucasfilm, ambayo ilikuwa imeshanunuliwa na Disney mwaka 2012, ilitangaza kwamba vitabu na magemu mengi ya zamani yahesabiwe kuwa hadithi za pembeni. Kwa hiyo mtu akikwambia "hiyo haimo rasmi", muulize anaongelea kipande gani. Baadhi ya majina haya yamerudi kwenye hadithi rasmi, na maelezo mengine yamebaki pembeni.

KWANINI MLINZI ANASHINDA

Turudi kwa Obi-Wan. Kwenye Revenge of the Sith anapigana na Anakin, mwanafunzi wake, kwenye sayari ya moto. Anakin ana nguvu zaidi, ana hasira zaidi, anamjua mwalimu wake ndani nje. Obi-Wan anafanya nini? Anarudi nyuma, anazuia. Mpaka mwisho anasimama sehemu ya juu na kumwonya mwenzake asijaribu. Anakin anaruka. Pigo moja, kwisha kazi.

Aliyepanga mapigano ya picha hizo tatu za 1999, 2002 na 2005 ni Nick Gillard, naye Mwingereza. Yeye aliangalia swali hili kwa akili: hawa watu wameamua kubeba upanga kwenye dunia iliyojaa bunduki, kwa hiyo lazima wawe wakali kupita kiasi, na lazima wawe wamejifunza kila namna ya upanga. Ndo maana ule upole wa 1977 haupo tena. Alipewa watu wenye miili ya kazi. Darth Maul alichezwa na Ray Park, Mskochi aliyekulia kwenye wushu ya Kichina, na ule upanga wa ncha mbili ameuzungusha mwenyewe. Ewan McGregor na Hayden Christensen walifanya mazoezi mpaka pambano la mwisho wakalicheza wao. Gillard mwenyewe yumo kidogo kama Jedi anayeitwa Cin Drallig. Soma jina hilo kuanzia nyuma utacheka.

Na hapa tena kuna mtu wa pembeni. Dooku alikuwa Christopher Lee, mzaliwa wa 1922, rika moja na Bob Anderson. Alikuwa anakaribia miaka 80. Pale Dooku anaporuka na kuzunguka, mwili ni wa Kyle Rowling, halafu uso wa Lee umebandikwa kwa kompyuta. Mambo ni yaleyale ya Vader, ila safari hii barakoa ni sura ya mtu.

Kuna pambano jingine nalipenda kuliko yote, na ni la katuni, Star Wars Rebels, mwaka 2017. Obi-Wan mzee anakutana na Maul jangwani. Unategemea dakika kumi za sarakasi. Linaisha kwa sekunde chache! Obi-Wan anabadilisha mkao, anasimama kama alivyokuwa akisimama Qui-Gon, mwalimu wake. Maul anaona nafasi na kujaribu hila ileile iliyomuua Qui-Gon mwaka 1999, kumpiga kwa mpini usoni. Obi-Wan alikuwa anaingojea. Waliopigana pale ni watu wa kuchorwa, lakini mchoraji asiyejua mtu anavyobeba uzito kwenye miguu hawezi kuchora kitu kama kile.

WATU WA KWELI WAMEANZA KUCHEZA

Sasa ile sanaa ya kubuni imetoka kwenye skrini. Huko Milan, Italia, mwaka 2006 walianzisha LudoSport, shule inayofundisha kupigana kwa panga hizi kama mchezo, na mitindo saba wanayo. Upanga wao ni bomba la plastiki gumu lenye taa za LED. Haukati mtu, ila ukikugonga kidole utamkumbuka bibi yako.

Ufaransa wakaenda mbali zaidi. Shirikisho lao la mchezo wa panga, hili la Olimpiki kabisa, likautambua rasmi, na habari zikazagaa dunia nzima Februari 2019. Sababu walisema wazi, wanataka vijana wanaoshinda wamekaa mbele ya skrini wanyanyuke.

Sheria zao za wakati huo ni hizi. Mnapigana ndani ya duara, dakika tatu. Ukipiga kichwa au kiwiliwili pointi 5, mkono au mguu pointi 3, kiganja pointi 1. Wa kwanza kufika 15 kashinda. Mkifika wote 10, mambo yanabadilika, wa kwanza kugusa kichwa au kiwiliwili ndiye mshindi.

Halafu kuna sheria moja tamu: kabla hujapiga, ncha ya upanga lazima kwanza ipite nyuma ya mwili wako. Kwanini? Kwa sababu bila hiyo watu wangedonoana tu harakaharaka, na hakuna ambaye angeuona upanga wa mwanga pale. Sheria inakulazimisha uzungushe mkono, na mchezo unafanana na ulioupenda kwenye sinema. Wale wa Pwani mnaojua kirumbizi mtanielewa upesi. Fimbo ni fimbo, lakini namna ya kuizungusha ndiyo inayoita watu uwanjani.

SASA SISI INATUHUSU NINI

Inatuhusu hivi. Kila mtu anataka kuwa Vader. Vazi zuri, sauti nzito, watu wanaogopa. Lakini Vader ni kazi ya watu wengi: mmoja alitoa mwili, mwingine sauti, mwingine upanga, na huyo wa upanga ndiye aliyechelewa kujulikana. Bila Mark Hamill kufungua mdomo, wengi tungeendelea kumsifia mtu mwingine.

Kwa hiyo mwanangu unayejifunza kupigana uwanjani asubuhi, na wewe unayerekodi picha na washikaji kwa simu, fanyeni kitu kimoja kisichogharimu hata senti. Mwisho wa picha yenu andikeni jina la aliyewafundisha mapigo, na la yule aliyeanguka badala ya steringi. Yaandikeni kwa herufi kubwa, sio zile za kupita mbio.

Na siku ukirudia kuangalia The Empire Strikes Back, Luke anapokatwa mkono, usimwangalie Luke. Mwangalie yule mwenye vazi jeusi, anavyopiga hatua na anavyorudisha upanga wake mahali pake. Huyo ni Bob, mzee wa Olimpiki.

Haya, uwanja ni wenu hapo chini. Swali la leo: mlinzi wa Soresu na mkali wa Vaapad wakikutana, nani anatoka mzima? Matusi hapana, hoja ruksa.